Ndeshi wa Kimandolu na sadaka aliyoona haya kuikataa

Saa mbili kasoro asubuhi, Kimandolu. Geti la duka limepandishwa nusu tu, kiasi cha mtu kupita akiinama, na Ndeshi Nnko amekwisha kupita. Kabla hajavua sweta, kabla hajawasha mashine ya kukatia bodi, anavuta beseni la bluu lililo karibu na mlango, anamwaga maji ya jana mtaroni na kulijaza upya.

Beseni hilo halina nguo wala mchicha. Lina vipande vinne vya bodi za ujenzi, kila kimoja kikubwa kama kiganja, vimelazwa majini mchana na usiku.

"Anavimwagilia kama maua," anatania Mama Kusum, mke wa mwenye duka, akiwa nyuma ya kaunta anawasha udi wa asubuhi. "Siku vikitoa mizizi tutauza miche."

Ndeshi anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Utani huo ameuzoea. Anakitoa kipande cha kwanza, anakibonyeza kwa kidole gumba, na kidole kinazama.

"Hii ni chipbodi," anasema. "Ni maranda na gundi tu. Juu wameivalisha ngozi nzuri, inang'aa mpaka unaweza kujitazama uchane nywele. Sasa ona ndani."

Ndani pamevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Kipande cha pili, MDF, ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa, kimefumuka kingo mithili ya kitabu kilichonyeshewa. Cha tatu ni plaiwudi ya kawaida, na matabaka yake yameanza kuachana. Cha nne ni marini bodi, ile ya kahawia iliyokolea yenye ngozi ya gundi ngumu, ambayo mafundi huitandika chini ya zege la ghorofa. Hiyo imetulia majini, uso wake laini, haina habari.

"Lakini hata huyu ana ugonjwa wake," anaongeza, akikigeuza kipande. "Upande huu nilipaka rangi ukingoni, upande huu sikupaka. Umeona ulivyonenepa? Maji hayaingilii usoni, yanaingilia pembeni. Ukikata marini bodi usiifunge kingo, umejidanganya mwenyewe."

Kila mteja anayeingia katika duka la Navin hupitishwa kwanza kwenye beseni hilo, atake asitake. Wapo wanaoshukuru na wapo wanaonuna. Asubuhi hii anaingia fundi Richard, mteja wa siku nyingi, anayetaka chipbodi nyeupe za makabati ya jikoni.

"Zinakaa wapi?" anauliza Ndeshi.

"Ukutani. Na moja chini ya sinki."

"Za ukutani nakukatia. Ya chini ya sinki sikukatii."

"Aisee dada, mwenye nyumba ndiye kachagua."

"Mwenye nyumba aje hapa nimwambie. Bomba likivuja ataitwa nani, si wewe?"

Richard anamgeukia Navin kama mchezaji anayemtafuta refa. Navin anajitia kusoma simu. Mwishowe fundi anaondoka na chipbodi za ukutani na kipande kimoja cha marini bodi, akinung'unika kwamba siku hizi katika duka hili mtu hununua kwa ruhusa.

"Amenifukuzia wateja huyu mama," anasema Navin, ambaye familia yake imeuza mbao na vifaa vya ujenzi Arusha tangu enzi za babu yake. Hasemi kwa hasira. "Zamani alikuwa mpole mno. Mtu akichagua kitu kibaya, Ndeshi anakata, anafunga na kamba, anamwambia karibu tena. Sasa hivi ukimwambia anyamaze ni kama umemwomba aibe."

Sababu ya badiliko hilo haiko Kimandolu. Iko juu ya Usa River, kwenye miteremko ya Meru, katika kanisa dogo la Kilutheri ambalo halijamalizika kujengwa. Na ina jina la mtu: Marta.

Ndeshi, ambaye sasa ana miaka arobaini na minane, alizaliwa huko juu, katikati ya migomba na kahawa. Alikuja dukani kwa Navin kufagia. Kazi yake ilikuwa kuondoa vumbi la mbao chini ya mashine, basi. Lakini fundi aliyekuwa akikata bodi alipenda kuongea, naye alipenda kusikiliza, na fundi huyo alipohamia Dodoma, Navin aligeuka akamkuta mfagiaji ameshika mashine.

"Nilimwambia, shuka hapo utakatwa mkono," anakumbuka Navin. "Akaniambia, bosi, subiri nimalize hii."

Hajashuka mpaka leo. Analipwa shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi, na kitu kidogo juu yake siku za mzigo mkubwa. Kwa mshahara huo, na kahawa ya mumewe, mtoto wao Elisaria amesoma hadi akapata kazi Moshi.

Yeye na Marta wamekua pamoja. Walipata kipaimara siku moja, na tangu usichana wameimba sauti ya pili bega kwa bega katika kwaya ileile. Huko kwao mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo huwekwa kabatini. Anakuwa Mama Fulani mpaka siku linaposomwa tena kaburini. Ndeshi ni Mama Elisaria. Marta ni Mama Lilian. Lakini wao wawili hawakuwahi kuitana hivyo.

"Mume wangu mwenyewe haniiti Ndeshi," anasema. "Hapa dukani ni kazi. Lakini kule nyumbani, jina langu lilikuwa linaishi mdomoni mwa mtu mmoja tu."

Kanisa lao limejengwa polepole, kwa mikungu ya ndizi, kahawa na kuku wanaonadiwa nje baada ya ibada. Kuta zimesimama na bati lipo juu, ila madirisha hayana vioo. Masika ikija na upepo wa mlimani, mvua hunyesha ndani, na hasa upande wa kwaya. Kwa hiyo wanakwaya walipoamua kujenga jukwaa la kusimamia, kimo cha meza, kila nyumba ikaombwa ilete bodi moja kama sadaka. Ndeshi, mtaalamu wao wa bure, akawapa maelekezo.

"Niliwaambia maji yatafika pale, hakuna ujanja. Leteni marini bodi, ile ya kahawia yenye ngozi inayong'aa," anasema. "Nilisema kwa haraka, kama mtu anayesema na mafundi. Sikukumbuka kwamba vitu vinavyong'aa dukani ni vingi."

Wakati huo Marta alikuwa akifunga mashada ya waridi katika shamba moja la maua Usa River, akisimama tangu asubuhi hadi jioni. Bodi moja mpya ilikuwa karibu nusu ya mshahara wake. Angeweza kwenda kwa Ndeshi, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu: alijua Ndeshi angempunguzia bei, au angeongeza ya kwake kimyakimya. Marta hakutaka sadaka yake iwe na mkono wa mtu mwingine. Akaenda kwa muuza samani chakavu za ofisi, akanunua uso wa meza kubwa. Ulikuwa wa kahawia. Uling'aa. Ulikuwa mnene, na mzito hasa.

Jumapili ya kutoa, bodi ziliingia kanisani kwa wimbo. Wengine walibeba wawili wawili. Marta alikuja peke yake, bodi kichwani juu ya kata ya kitenge, shingo imenyooka, na vigelegele vilimpokea kuanzia mlangoni.

Ndeshi alikuwa amesimama mbele na wazee wa kanisa, kazi yake kupokea na kukagua. Anasema alijua kabla Marta hajaushusha mzigo. Kwenye kona moja, utepe wa ukingo ulikuwa umebanduka, na maranda yalionekana.

"Alinitazama usoni, anacheka. Akaninong'oneza, 'Ndeshi, mzigo wangu ni mzito kuliko yote.' Sasa niambie wewe. Sadaka imeshafika madhabahuni, watu wanapiga vigelegele, mwenzako jasho linamtoka. Utasema, Marta, rudi nayo? Kwetu sadaka haikataliwi. Mtu akileta yai moja, tunalinadi hilo yai. Nikasema, Mungu akubariki."

Anainamia beseni, anapangusa ukingo wake ambao hauna uchafu wowote.

"Ningeweza kumwambia jioni. Ningeweza kumwambia Jumatatu. Ningeweza kubadilisha na ya hapa dukani, Navin angenikopesha. Niliona haya. Nikatafuta njia ya kuzunguka."

Njia ya kuzunguka ilikuwa hii: nyuma ya ile bodi alichora msalaba wa chaki. Nia yake, siku ya kujenga, ilikuwa kuilaza nyuma kabisa, chini ya kabati la vitabu vya nyimbo, ambapo hapakanyagwi na mvua haifiki. Marta asingejua, kanisa lisingejua, na heshima ya kila mtu ingebaki mahali pake. Kwa kweli haukuwa mpango mbaya. Ulihitaji tu Ndeshi awepo.

Jumamosi ya msaragambo, siku ya wote kujitolea kujenga jukwaa, mzigo ukaingia Kimandolu. Navin akamwomba abaki, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kupokea bodi na kukagua zilizovunjika kingo. Akabaki. Akajiambia kwamba atampigia simu fundi Brayson amweleze. Mchana ukapita, simu haikupigwa, kwa sababu kumweleza Brayson ni kulitaja jina la Marta.

Kule kanisani, kazi ilikwenda vizuri kupita kiasi. Miaka ya nyuma, nyumba fulani zilitoa mabenchi zikayaandika majina, na matokeo yake watu wazima walikuwa wakiinuliwa katikati ya ibada wakiambiwa hili ni benchi letu. Ili balaa hiyo isirudi, iliamuliwa bodi zote zipakwe rangi moja ya kijivu, asijulikane nani kaleta ipi. Na kwa kuwa mtaalamu wao alikuwa amesisitiza wapake mbele, nyuma na kingoni, vijana walipaka mbele, nyuma na kingoni.

"Rangi niliyowafundisha mimi ndiyo iliyofuta alama yangu," anasema Ndeshi.

Brayson, aliyesimamia ujenzi siku hiyo, ni fundi mwashi, mtu wa tofali na zege. Anazungumza akiwa amesimama juu ya jukwaa la kupigia plasta, Makumira, mwiko mkononi, na kwa muda mrefu anaongea na ukuta badala ya mgeni wake.

"Zote zilikuwa kijivu, ndugu yangu. Nikainua moja nikasikia uzito. Nikasema, hii ndiyo imara, hii iende mbele kabisa, wanaposimama akina mama wanaopiga miguu. Mimi kwangu kizito ndicho kigumu. Tofali zito si ndilo zuri?" Anasugua plasta palepale alipokwisha kusugua. "Niliiweka kwa upendo ile bodi. Hiyo ndiyo inayoniuma."

Jumapili iliyofuata Ndeshi alikuta jukwaa limekamilika, limenyooka, linapendeza. Anasema angeweza kuitafuta bodi ile kwa kugonga kwa kidole tu. Sauti ya chipbodi anaijua hata akiwa na usingizi. Hakugonga. Watu walikuwa wanasifu, mwinjilisti alikuwa anashukuru, na Marta alikuwa amesimama pembeni yake akiuliza, kwa furaha ya mtoto, "Unadhani bodi yangu ni ipi?"

Vuli ikapita salama, kiangazi kikapita. Ndeshi akaanza kulala. Binadamu ana kipaji hicho, kuichukulia bahati ya leo kama msamaha wa jana.

Kisha ikaja masika. Maji yaliingia kwenye matundu ya skrubu, na ile ngozi nzuri iliyozuia maji yasiingie ikayazuia pia yasitoke. Jumapili moja, katikati ya wimbo, pale ambapo sauti ya pili hupiga mguu pamoja, Marta alizama hadi pajani.

"Hapakuwa na kishindo," anasema Ndeshi. "Sauti yake ilikatika tu sikioni mwangu. Nikageuka, namtafuta, namkuta yuko chini, anashika gauni langu."

Chini ya miguu ya Ndeshi, hatua moja kando, palikuwa na marini bodi. Haikutikisika.

Walipomtoa Marta, mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika na gauni lake la kwaya lilikuwa limejaa maranda yaliyolowa. Mahali rangi ya kijivu ilipobanduka, mchoro wa uso wa meza ya ofisi ulionekana, na waliokuwapo siku ya sadaka wakaukumbuka. Kufikia mnada wa mazao nje, mtu alikuwa amekwisha kuutengeneza utani: kaangushwa na sadaka yake. Utani huo ulishuka mlima kabla ya gari lililombeba Marta.

Wahenga wanasema heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Huenda hawakuwahi kuona mtu aliyevunjika mguu mzima kwa sababu ulimi wa mwenzake haukuthubutu kujikwaa.

Ndeshi alikwenda hospitali siku ya pili. Alikuwa amebeba uji na maneno, akatoa maneno kwanza. Alimwambia Marta kwamba alijua, tangu siku ya vigelegele. Alimweleza habari ya chaki, ya mzigo wa Jumamosi, ya simu ambayo hakuipiga.

"Alitazama dirishani. Halafu akaniambia, 'Asante kwa kuja kuniona, Mama Elisaria.'"

Analirudia jina hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma hukumu yake. Imepita miaka miwili sasa na haijabadilika. Wakikutana msibani ni Mama Elisaria. Wakikutana sokoni ni Mama Elisaria, habari za nyumbani. Hakuna tusi, hakuna kununa, hakuna mlango wa kubisha. Marta anasali kanisa jingine, chini zaidi, na haimbi kwaya.

"Angenitukana ningepata nafuu," anasema Ndeshi. "Nilikwepa kumwaibisha mbele ya watu mara moja. Nimemwaibisha mpaka leo. Na nimemkosa. Nakuambia ukweli, nimemkosa rafiki yangu."

Beseni lilianza mwezi huohuo. Hakumwomba Navin ruhusa. Alikata vipande vinne, akavizamisha, na mteja wa kwanza aliyeomba chipbodi ya choo akaambiwa, mbele ya mke wake, kwamba amechagua vibaya. Mama Kusum anasema siku ile aliinua kichwa kwenye kaunta akadhani ameingia mtu mwingine.

"Wanasema majuto ni mjukuu," anasema Mama Kusum. "Huyu mjukuu wa Ndeshi anashinda hapa mlangoni ndani ya beseni. Sisi tumemzoea. Yeye ndiye hajamzoea."

Kwa muda wote huo kwaya imeimba ikiwa imesimama sakafuni. Sasa jukwaa jipya linajengwa. Nyumba zimechanga tena, safari hii kwa fedha, na bodi zote zimekatwa na Ndeshi mwenyewe, zote marini bodi, kingo zimepakwa rangi mara mbili. Zimekwisha kupelekwa, isipokuwa moja. Imeegemezwa ukutani nyuma ya mashine, imefunikwa na gunia. Ni ya mbele, upande wa sauti ya pili. Ameinunua kwa mshahara wake, na Navin huuliza kila wiki itaondoka lini.

Mara tatu Ndeshi amemtuma Lilian, binti wa Marta, amwambie mama yake kwamba ipo nafasi yake kwenye jukwaa na bodi yake iko tayari. Mara tatu Lilian amerudi na salamu nzuri na hakuna jibu.

Nyumba ya Marta iko upande wa chini wa barabara ya Moshi, Usa River. Amekaa kwenye kigoda kibarazani, anachambua parachichi, fimbo ya kutembelea imelazwa miguuni. Kazi ya shamba la maua ilikwisha siku alipovunjika, kwani mguu ule haukubali tena kusimama kutwa. Siku ikiwa nzuri, parachichi na ndizi humwachia shilingi elfu tano au sita. Anakaribisha chai, anakataa kupigwa picha, na inapotajwa habari ya kanisa haachi kuchambua.

"Mguu unauma baridi ikishuka," anasema. "Lakini si mguu."

Anaweka parachichi mbovu pembeni.

"Watu wanadhani nimekasirika kwa sababu nilianguka. Ile bodi niliinunua mimi, sikushikiwa mkono. Kinachoniuma ni kwamba aliniona siwezi kubeba neno. Angeniambia pale pale, Marta, hii haifai. Ningelia, ndiyo. Ningeibeba nirudi nayo nyumbani, watu wacheke, nami ningemchukia Ndeshi wiki nzima. Wiki! Jumapili inayofuata ningekuja na nyingine. Ananijua tangu tuko watoto, lakini siku ile alinihurumia kama mgeni."

Je, anaridhia habari hii iandikwe?

"Andika. Nusu ya kuchekesha wanaijua wote. Waijue na hii nyingine."

Anasindikiza mgeni hadi kwenye uzio wa michongoma, polepole, fimbo ikitangulia. Hapo anasimama. Kwa mwendo wake ni safari ya kutosha, na huenda hakusimama kwa ajili ya kupumzika.

"Ukirudi Kimandolu," anasema, "mwambie Ndeshi aache kutuma watoto. Njia anaijua."

Saa kumi na moja jioni duka linakaribia kufungwa. Navin anahesabu funguo, Mama Kusum ametangulia garini, na Ndeshi anamalizia kukata bodi ya mwisho. Anasikiliza ujumbe mashine ikiwa bado inaunguruma. Anaizima.

"Rudia."

Anarudiwa: mwambie Ndeshi aache kutuma watoto. Njia anaijua.

"Alisema Ndeshi?"

Alisema Ndeshi.

"Hakusema Mama Elisaria."

Hakusema.

Anakaa juu ya rundo la plaiwudi na kujifuta uso kwa upindo wa kitenge, na vumbi la mbao linamwachia mistari mashavuni. Halii kwa sauti. Navin anageuka kuutazama ukuta, anajitia kutafuta ufunguo alioushika mkononi.

Baadaye, akiwa ametulia, Ndeshi anaeleza mpango wake, na ni mfupi. Jumamosi ni msaragambo wa kulaza bodi. Lakini kabla ya kupanda kanisani atapitia kwa Marta, peke yake, mikono mitupu, amwambie lile neno alilopaswa kumwambia mbele ya madhabahu, kwamba ile bodi haikufaa na kwamba alimwogopa bure. Asikilize chochote atakachojibiwa. Marta akitaka kurudi kwenye kwaya, bodi ipo nyuma ya mashine. Akitaka kuja kuchagua nyingine mwenyewe, na kuilipia mwenyewe, atamkatia kwa bei ileile ya kila mtu.

"Na asipotaka vyote viwili?"

"Basi nitakuwa nimeijua njia," anasema, akiinuka kuingiza beseni ndani.

Anaufikia mlango, anageuka.

"Bosi, Jumamosi sipo."

"Jumamosi mzigo unaingia, Ndeshi," anasema Navin. "Nani atapokea?"

"Sijui," anasema Ndeshi. "Mimi sipo."